Keki ya Mayai Manne

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, na paka wa jirani bado anatuibia. Leo Mama ametimiza miaka sabini, nikampikia keki. Mizani hatuna, kwa hiyo nimepima kwa njia yake ileile: hanga ya nguo, mifuko miwili, mayai manne upande mmoja na unga upande wa pili, mpaka hanga ikakaa sawa. Kisha sukari, kisha siagi. Zamani wewe ndiye uliyeshika hanga, na kila mara sukari ilizidi. Leo nimeitundika kwenye msumari wa mlango. Baking powda sikupata, nikayapiga mayai mpaka mkono ukafa ganzi.

Mama amekula vipande viwili. Kisha akaniangalia usoni.

"Binti, wewe ni mtoto wa nani? Una mkono mzuri. Wanangu nao walikuwa wakipika hivi. Mmoja alikuwa mwizi wa sukari."

"Na wa pili?"

Akafikiri sana, akacheka. "Wa pili alikuwa mchongezi."

Njoo, Dada, wakati bado tumo humo kichwani mwake.

Mdogo wako,
Mchongezi