Figo Yako Haikulalamika

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Nakuandikia nikiwa ningali nimeduwaa. Mwezi huu ile figo uliyonipa ilikaribia kufa, na mimi nilikuwa jikoni nakaanga viazi karai, najiona mzima kabisa.

Unakumbuka jioni zetu za ufukweni Mama Ngina, vidonda vyetu vya upasuaji vilipokwisha kupona? Tunakula mihogo ya ndimu na pilipili, mara unanigusa tumbo upande wa kulia, pale ilipowekwa, unaniuliza, "Mgeni wangu hajambo?" Nami nakujibu kwamba kazi yake kula mihogo yako tu. Ulikuwa ukicheka mpaka watu wanageuka.

Tangu ufariki, sina chako kilicho hai ila hicho.

Nilikwenda kliniki kama kawaida. Mkojo ulikuwa umepungua, nikasingizia joto. Daktari alipoona majibu ya damu akanipeleka kupigwa picha papo hapo. Mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni umekuwa mwembamba, mkojo umerudi nyuma, figo imevimba. Nikamwambia haiwezekani, sijasikia hata kichomi.

"Figo ya kupandikizwa haina mishipa ya kuhisi maumivu, mama," akasema. "Hukabwa kimya kimya."

Kimya kimya, Zuhura, kama wewe. Asubuhi ile ya mwisho nilikujulia hali mlangoni kwako Bondeni, na moyo wako tayari ulikuwa unashindwa kufanya kazi. Ukanijibu, "Sijambo, nduyangu, alhamdulillahi." Nikaenda zangu sokoni. Mpaka leo nina hasira nawe kwa jibu lile.

Walinichoma ganzi, wakapitisha bomba tumboni mpaka ndani ya figo, na mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko. Nililia kwa kuona mkojo, mimi niliyekuwa nikikucheka kwa kulia harusini. Baadaye waliupanua mrija kwa kijiputo kinachojazwa kikiwa ndani yake, wakaacha ndani kijibomba cha kuuweka wazi. Kikishatolewa, mrija ukiziba tena, watanipasua. Naogopa sana.

Majirani wanakuja kunitazama. Ulimi unakimbilia ile "sijambo" yetu ya mazoea, naurudisha. Nawaambia naumwa. Wanashtuka, hawajazoea kujibiwa hivyo.

Wakiondoka naweka mkono upande wa kulia, namuuliza mgeni wako hali yake. Hajibu. Basi, hajui kulalamika, nitalalamika mimi kwa niaba yake.

Pumzika, dada.

Mdogo wako, mwenyeji wa mgeni wako