Dari ya Bweni la Wasichana

Kaka Komora,

Nilimvunja mkono mtu aliyekuua. Nilimpiga kwa mtaimbo wako, mchana, mbele ya watu, na mfupa niliusikia. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu hukupenda habari izungushwe, na kwa sababu kwa miaka miwili nimekuwa nikiianza barua hii kwa salamu, halafu naichana.

Jumanne jaji alimsomea hukumu. Miaka ishirini na mitano. Mama alikuwa amekaa kando yangu na leso yake ya kanisani, hakulia. Tulipotoka nje ya korti aliniuliza jambo moja tu: "Siku ile ulimpiga mara ngapi?" Nikamwambia mara moja. Akaniangalia, Kaka, akaniangalia sana. "Kwa nini moja?"

Jibu nalileta kwako kwanza. 

Unakumbuka nyumba ya Mama, ile tuliyompangia Garsen mafuriko yalipomtoa Kilelengwani? Mabati matupu juu, ukuta wa bloku chini, na saa nane mchana huwezi kuegemea popote. Mama alikuwa akilala chini kwenye saruji, amelowesha kanga na kujifunika nayo. Wewe ndiyo kwanza umerudi kutoka Mombasa, miaka sita ukijenga vyumba vya barafu vya kuwekea samaki, na ukaniambia kwa majivuno, "Hawayu, kuzuia baridi isitoke na kuzuia joto lisiingie ni kazi moja." Ukabandika mabamba kama yale ya vyumba vya barafu chini ya bati, ukaziba kila tundu mpaka mjusi akakosa pa kupita. Wiki mbili Mama alikusifu sokoni kama umemjengea ikulu.

Kisha zikaja mvua. Hewa yetu hii nzito, yenye maji ndani yake, ikaingia nyuma ya mabamba na haikupata pa kutokea. Alfajiri bati likipoa, maji yanadondoka kitandani. Ukungu ukatambaa mweusi kutoka pembeni, na kifua cha Mama kikafunga, akawa anakohoa mpaka anatapika. Siku uliyomkuta amekaa kitandani hawezi kuvuta pumzi ndipo nilipokuona umekasirika kwelikweli kwa mara ya kwanza. Uliibomoa dari ile kwa mikono, ukaipiga ngumi, ukaikanyaga vipande vipande uani huku vidole vinatoka damu, na watu wakadhani umerukwa na akili.

Mama Dabaso, jirani yetu Mworma anayeuza maziwa, alisimama mlangoni na dumu lake, akacheka. "Nyinyi mmeziba nyumba pua," akasema. "Ya nyanya yangu nyasi tu, lakini ilikuwa inapumua." Mtu mwingine angemfukuza. Wewe ulimvutia kigoda, ukamwuliza nyasi zilipangwaje, upepo uliingilia wapi, na moshi ulitokea wapi. Mlikaa mpaka maziwa yake yakaanza kuganda.

Kutoka hapo ndipo tukapata dari yetu. Chini ya bati nafasi ya kupita upepo, na matundu chini ya paa yenye waya wa kuzuia popo. Kisha ile karatasi inayong'aa, inayorudisha joto lilikotoka. Kisha magunia ya makapi ya mpunga, yaliyokaushwa juani na kuchanganywa na chokaa ili mchwa wasiyaguse. Mbao chini yake. Mama aliingia saa nane mchana, akalala kitandani, akakoroma. Mimi na wewe tulikaa kizingitini tukimsikiliza, tunacheka kama wajinga.

Baada ya Mama wakaja wengine. Duka la dawa. Kanisa la Golbanti. Nyumba tatu za wafugaji waliokuwa wamejenga kwa mara ya kwanza na walikuwa wanalala nje kwa sababu ya joto. Nilishika nyundo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nimeachika, na hukunifundisha kama mtu unayemwonea huruma. Ukiona msumari wangu umekwenda upande, unang'oa, unanipa tena.

Halafu bweni.

Shule mpya, ya mtu binafsi, mabati marefu, wasichana themanini walale chini yake. Mkandarasi alituita tufunge dari. Tulifika asubuhi tukakuta ameshaanza kwa njia yake. Alikuwa amepachika mabamba meupe, yale mepesi yanayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, moja kwa moja juu ya nyaya za umeme. Nyaya zenyewe uchi, hazikupitishwa kwenye bomba. Matundu ya upepo yote yamezibwa. Mlango wa bweni mmoja tu.

Ulichukua kipande, ukakitoa nje, ukawasha kiberiti mbele ya mafundi wote. Kiliyeyuka kikawa kinadondosha moto, matone meusi yanayowaka, na moshi uliotufanya tukimbie tukikohoa. Hukupaza sauti. Ulimwambia, "Hii wakilala chini yake hawaamki."

Naye akasema, na maneno haya niliyarudia kortini neno kwa neno: "Mbao zikishafungwa, nani ataona?"

Mimi nilikuwa juu kwenye kenchi za paa napima. Nilikuona ukipanda jukwaani na mtaimbo, ukaanza kushusha mabamba, moja, mbili, yanaanguka yakivunjika. Nikamwona akipanda nyuma yako. Nikaita. Sijui kama ulinisikia. Alikuvuta mguu ukaanguka chini, na kabla hujasimama alikuwa ameokota kipande cha nondo. Pigo la kwanza lilikupata begani. La pili ulilikinga kwa mkono, nikaona mkono umepinda pasipo na kiungo. La tatu lilikuta umepiga magoti, na hukuwa na kitu tena cha kulikingia.

Niliruka. Mguu ukateguka, nikatambaa. Tulikupakia kwenye pikapu iliyokuwa imeleta mchanga, kichwa chako mapajani mwangu, na mchanga ulikunywa damu yako yote, Kaka, kila tulipopita kwenye shimo nilikuona unapungua. Nilikuwa nakubembeleza nikikudanganya kwamba tumefika. Ulifungua macho ukaniambia, "Nyaya, Hawayu. Nyaya hazina bomba." Huo ndio ulikuwa mwisho. Mtu mwingine angetaja Mungu au mama yake.

Mafundi watano waliandikisha polisi kwamba ulianguka kutoka jukwaani. Watano! Na mmoja wao ni Jillo, Jillo mwashi, uliyesimama naye kwenye harusi yake. Mimi nilisema nilichoona, nikaambiwa nina uchungu wa kufiwa na nilikuwa juu, mbali, na jua machoni. Ikaandikwa ajali. Tukakuzika Golbanti, na Jillo akashika jembe akakufukia, nami nikamwangalia mikono.

Wiki tano baadaye nilipita mbele ya ile shule. Lori lilikuwa linashusha magodoro. Mabamba yalikuwa bado juu, na mbao zilikuwa zimefika katikati ya dari. Nilirudi nyumbani, nikauchukua mtaimbo wako nyuma ya mlango, nikaja nao kwa miguu.

 Nilipanda jukwaani nikaanza kung'oa. Nakumbuka joto la mle ndani, mabamba yanalia yakikatika, ule unga mweupe unanishika kwenye jasho. Akina mama wa sokoni wakaja kuona kelele ni za nini, Mama Dabaso mbele yao, na alipofahamu ni nini alivua viatu akaanza kuburuta mabamba nje bila kuniuliza. Wakamfuata wenzake. Vijana wa bodaboda nao wakaacha pikipiki zao. Kufikia adhuhuri kulikuwa na lundo uani linalofika kifuani kwa mtu.

Mkandarasi akaja. Alisimama chini yangu, akaniambia polepole ili wengine wasisikie, "Hapo juu panateleza. Kaka yako hakuwa na bahati."

Nilishuka ngazi, hatua kwa hatua, nakumbuka kila moja. Akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akainua mkono. Nikaupiga. Alianguka akipiga kelele kama ng'ombe aliyenaswa matopeni. Nikasimama juu yake nikainua mtaimbo mara ya pili, na pigo hilo lilikuwa la kichwa. Nakuambia ukweli kwa sababu hata padre sijamwambia: sikuwa na hasira. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilikuwa napima, kama napima ubao.

Chuma hakikushuka. Mtu alikuwa amekishika kwa nyuma. Jillo. Analia, kamasi zinamtoka, amening'inia kwenye mtaimbo kwa mikono miwili. "Mimi niliona," anasema. "Hawayu, niliona, nitasema. Usinifanye niende kusema mauaji mawili."

Lakini wengine walikuwa wamesikia. Alisema "niliona," na umati ukaguna, ukasogea. Walimkokota yule mtu mpaka uani kwa ule mkono uliovunjika. Wakampiga mateke mbavuni, usoni, mwanamke mmoja akampiga kwa jiwe la kusagia. Kisha kijana mmoja akasema, "Mpeni dari yake," wakaanza kumrundikia mabamba meupe juu ya miguu, juu ya tumbo, wanacheka, na nikasikia kiberiti kinatikiswa.

Kaka, nilikuwa nimekiona kile kitu kikiwaka. Wao hawakuwa wamekiona.

Nilimlalia. Sijui nisemeje vizuri zaidi. Nilijitupa juu ya mtu aliyekuua nikamfunika, mdomo wangu sikioni mwake, ananuka damu na mavi, na nilimchukia mpaka meno yaliniuma. Nikapiga kelele kwamba akifa leo hakuna atakayeulizwa nani alimwua Komora, itabaki ajali, itabaki ajali milele. Wengi walisita. Mmoja hakusita. Kipande kilichowashwa kikaniangukia bega la kushoto, na yale matone, hayazimiki, Kaka, yanaingia nyamani huku yanawaka. Jillo alinimwagia mchanga, Mama Dabaso akanimwagia maziwa yote ya siku ile.

Basi ndiyo maana nilimpiga mara moja tu, Mama. Si huruma. Pigo la kwanza lilikuwa langu. La pili lingekuwa lake yeye: lingemwondoa kabla hajaketi mahali akasomewa kwa sauti alichokufanya. Nilitaka akae asikilize.

Na alikaa. Jillo alisema yote, na baada yake wale wanne wakasema. Sijamsamehe Jillo. Namsalimia, nakula naye kazini, sijamsamehe. Mimi nilishtakiwa kwa kumjeruhi mtu, nikakubali kosa, nikapewa kifungo cha nje, miezi sita ya kufagia soko la Garsen. Wale akina mama walikuwa wanafagia sehemu yangu kabla sijafika, ikabidi nigombane nao.

Dari ya bweni tuliifunga sisi. Mwenye shule alikuja mwenyewe kwa Mama, amevua kofia, akaomba. Nilimwambia kwanza milango miwili zaidi na nyaya zote ndani ya bomba, ndipo nitashika nyundo. Makapi tuliyatoa kwenye mashine za mpunga, siku nne tunayaanika. Bega halijanyooka sawa, kwa hiyo kazi ya juu nafanya kwa mkono mmoja na Jillo ananishikia mbao. Siku ya kufunga ubao wa mwisho niliwaita wazazi wote wapande ngazi, mmoja mmoja, waone kilichomo. Baba mmoja mnene alikwama kwenye tundu la dari tukamsukuma makalio. Ungecheka.

Wasichana wamo sasa. Nilipita mwezi uliopita mchana wa joto kali nikachungulia dirishani. Walikuwa wamelala, wengine midomo wazi, sare zao zimetundikwa. Hakuna hata mmoja aliyejua jina lako. Nilitaka kuingia niwaamshe niwaambie. Nikawaacha.

Wiki ijayo naenda Bangale. Kuna duka na chumba cha wagonjwa vinavyohitaji dari, na joto la kule si letu. Ni kavu, lina vumbi, halidondoshi maji alfajiri, na usiku linageuka baridi. Sijui kama njia yetu itafaa, na sina wa kumwuliza. Nitakosea, najua. Lakini nakuahidi hili, Kaka Komora: nikikosea nitabomoa mwenyewe, siku hiyohiyo, mbele ya mwenye nyumba, kabla mtu hajalala chini yake.

Na Mama nitamsomea barua hii leo jioni, kwa sababu aliuliza, na ana haki ya kujibiwa.

Pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha.

Dada yako,
Hawayu