Matone ya Kwanza, Kitale

Kukhu wangu wa Bungoma,

Mjukuu wako sasa ndiye mwenye akili kupita watu wote wa Kitale. Mzungu wangu, huyu ninayemwomba kazi, anafuata nyuma. Kazi yake ni kuchemsha spiriti na benzini pamoja kwa chupa ya kioo, apoeze mvuke uwe matone, kisha apime kila kimoja kimepanda na mvuke kiasi gani. Nikamwambia, "Bwana, si hii nyanya yangu anafanya akipika chang'aa nyuma ya jikoni, na hana kipimajoto?" Akacheka mpaka akatoa miwani. "Basi kesho utachemsha wewe," akasema. "Ukiweza, nitakuandika kazi."

Baridi ya hapa inauma masikio, lakini nilisimama kando ya moto kama chifu. Matone ya kwanza yakashuka. Nikayamwaga chini, ya wazee waliotutangulia, vile ulinifundisha. Kumbe ni hayo alikuwa anangojea kupima, na spiriti ilikuwa ya mwisho.

Mungu akulinde, Kukhu, pamoja na kuku zako na hilo goti. Mimi nimenenepa, usiogope. Lakini ukiongea na wazee wetu, waambie wamekunywa kazi yangu.

Wekesa