Meja Ameshuka kwa Miguu Yake

Amalemba, Kakamega

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba. Goti lako linasemaje siku hizi huko Taveta? Sisi wazima. Imani anaota meno, hanipi nafasi hata ya kunywa chai, lakini wazima.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ni habari ya Meja, yule mbwa wetu mkubwa wa ulinzi unayeniambia kila siku nimuuze.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimpa karai zima la obusuma, ugali wa huku, na dagaa wa omena. Nilikuwa nampa mara moja tu kwa siku, nikidhani mbwa mkubwa anataka sufuria kubwa. Akamaliza, akaanza kukimbia uani. Mara nikaona anahangaika, anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo gumu kama ngoma.

Jirani yetu, mzee mmoja mfugaji, akaja mbio na kisu.

"Mama Imani, hii ni upepo tu. Ng'ombe tunadunganga hapa ubavuni, anaamka."

"Mzee, kwa heshima, huyu si ng'ombe. Rudisha kisu."

"Basi tafuta jembe. Shimo la kumzika litakuwa kubwa!"

Majirani waliokusanyika wakacheka. Baba Imani alikuwa kazini kiwandani. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukambeba Meja watu sita hadi kwenye pikapu ya kukodi, mbio kliniki.

Daktari wa mifugo akasema tumbo limejaa hewa na kujipinda, ugonjwa wa mbwa wakubwa kama hawa; asipopasuliwa saa hiyo, anakufa. Akataja bei. Mama, ilikuwa karibu akiba yangu yote ya kununulia cherehani. Lakini tangu kuku wetu waibwe sikuwa nikilala, mpaka huyu mbwa alipokuja. Nikasema, "Daktari, mpasue."

Amepona, Mama! Tumbo limeshonewa ubavuni lisijipinde tena. Juzi tulipomrudisha nyumbani alishuka garini mwenyewe, na yule mzee akanipa mkono mbele ya watu.

Sasa anakula kidogo kidogo mara tatu, kisha anapumzika. Nimekataza kumnenepesha, nyonga zake zisiumie.

"Hata tonge moja?" Baba Imani akaniuliza jana.

"Hata nusu. Ukimpa kwa siri, nitapunguza sahani yako."

Akacheka, akala yote mwenyewe.

Msalimie Baba, Bibi mzaa baba, na wifi yangu aliyejifungua. Cherehani nitaanza kuiwekea akiba upya. Mbwa simuuzi.

Binti yako akupendaye,
Mama Imani