Kiti cha Msumari

Jumapili, 2 Machi

Leo Msumari umechoma! Hilo ndilo jina la ukurasa wa mwanangu gazetini, na siku hizi hata mtaani wanamwita yeye Msumari. Jina nililompa mimi limebaki la humu ndani. Ameandika kwamba kipa wa timu ni mpwa wa mwenyekiti wa timu, na kwamba mlango usiofungwa si mlango, ni tundu. Nimesoma kwa kidole, polepole, nikacheka mpaka nikajidunga sindano ya cherehani.

Halafu nikaacha kucheka. Huyo mwenyekiti ndiye mwenye matangazo ya ukurasa wa nyuma, saruji yake na mabati yake, kila siku ya Mungu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Lakini kipa ni mbovu kweli. Hata mimi nimeona.

Jumanne, 4 Machi

Fundi viatu hapo jirani hajanisalimia. Jezi ya timu hajaivua tangu juzi. Akamwambia mteja wake, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba kuna watu walizaa midomo badala ya watoto. Nikamjibu afadhali mdomo, unafungika. Goli lenu je? Mteja alicheka. Yeye hakucheka.

Nikimpigia mwanangu anasema usijali mama. Hilo usijali ndilo linaloninyima usingizi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeharibu. Nimefungua gazeti — Msumari, picha yake ile ile ya kutabasamu upande, na chini yake anaomba radhi! Eti aliteleza. Eti kipa ni nguzo na mwenyekiti ni mzazi wa wote. Moyo wangu ukatua. Nikampigia haraka, nikamwambia asante baba, muungwana akivuliwa nguo huchutama, leo umenipa usingizi.

Akaniuliza polepole:

"Radhi gani, mama?"

Hakuandika neno hata moja. Wamemtilia maneno mdomoni, na mtu wa kwanza kumpongeza ni mimi mama yake!

Alhamisi, 6 Machi

Ameacha kazi. Mkwe wangu, mkewe, ndiye kanisimulia, huku anacheka, huku anafuta machozi. Mwanangu aliingia kwa mhariri, akaweka gazeti mezani, akasema andikeni mnachotaka ila ondoeni uso wangu. Mhariri akamwambia uso ule ni wa gazeti. Basi akabeba kiti chake akatoka.

Kiti! Mlinzi akakizuia getini kwa sababu kina namba ya ofisi.

Kiti kile ni changu. Marehemu mume wangu alikiranda mwenyewe, mto nikashona mimi, na mwanangu akakipeleka kazini mgongo ulipomsumbua. Ofisi walipokuja kubandika namba kwenye mali zao walibandika kila kilichokaa, hadi ndoo ya chooni, na kiti cha mume wangu humo humo. Sasa ni chao? Kama uso?

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri kanipigia simu. Sauti ya asali. Ananiita mama yetu. Anasema mwanangu asaini karatasi tu kwamba ile radhi aliiandika yeye, basi, arudi kazini, na kiti kipo salama. Kijana anakusikiliza wewe, anasema.

Ni kweli, na hapo ndipo panaponiuma. Hajawahi kunikatalia jambo. Nikisema saini, atasaini. Na mkewe tumbo limeshafika puani.

Gauni la mteja nimelishona leo mkono wa kushoto kulia. Nimefumua. Nimeshona tena vile vile.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye geti la ofisi ya gazeti lao.

Nilikuja kukiangalia kiti tu. Mlinzi, mtu mzima mwenye adabu zake, alikuwa amekikalia kibandani. Nikamwomba nijaribu kidogo, akasimama. Nikakaa. Sinyanyuki ng'o. Kanibembeleza, mama utaniponza. Nikamwambia baba, kawaambie namba yao imekaliwa na mwenyewe.

Juu wanachungulia madirishani. Binti wa mapokezi kaniletea maji, kaninong'oneza kwamba hata wao wamechoka, kisha kakimbia kabla sijamshukuru.

Namba nimeibandua kwa kucha. Imetoka nusu.

Naogopa, kwa nini nijidanganye? Nawaza kodi ya nyumba yao. Nawaza mjukuu. Halafu nawaza mjukuu huyo amejua kusoma, anapitisha kidole chini ya picha ya baba yake, anakuta kipa ni nguzo. Atakuja kuniuliza mimi. Wajukuu huuliza bibi.

Mhariri huyo anashuka ngazi. Karatasi mkononi, tabasamu hadi masikioni. Na kule barabarani — mwanangu! Nani kamwambia? Anavuka bila kuangalia magari, mtoto huyu ataniua.

Kafika yeye kwanza. Kachuchumaa mbele yangu kama mimi zamani nikimfunga kamba za viatu. Hajanyoa. Amekonda.

"Mama, ukisema nisaini, nasaini. Sema tu."

Mhariri kaiweka karatasi pajani kwangu, juu ya daftari langu, akanipa kalamu. Mimi, si mwanangu. Eti nimpe kwa mkono wangu, itakuwa na baraka.

Kalamu nimeipokea. Nzuri, nzito, haikwaruzi. Karatasi nimeiweka chini ya mto nikaikalia. Kalamu yangu ilikuwa inakatakata wino tangu asubuhi, kwa hiyo naandika na hii ya kwake. Wote wawili wamesimama wananitazama. Mlinzi naye. Mhariri kauliza mama unaandika nini hapo.

Sijamaliza. Wangoje.