Hati ya Kiapo Niliyopeleka Chuoni

S.L.P. 318,
Jumatano, tarehe 12.

Dada mpendwa,

Habari za huko, na za masiku mengi? Goti linaendeleaje? Usiniambie "afadhali", maana wewe hata ukivunjika mguu utasema afadhali. Shemeji je, na wanangu? Sisi huku wazima. Mama anakula, analala na anagombana na redio, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Asiyekuwa sawa ni mimi, na si homa. Situlii. Juzi nilisugua sufuria moja mara mbili mpaka shemeji yako akaninyang'anya. Nimeomba kusoma sheria, lile darasa la jioni la watu wenye kazi. Nafasi ni arobaini na waombaji, nasikia, wamepita mia tisa. Mwisho wa kupokea maombi ni keshokutwa.

Utaniuliza, na umri huo? Ndiyo, na umri huu huu. Miaka kumi na minne nampigia chapa wakili, na sioni cha kunizuia isipokuwa hao mia tisa.

Sasa ucheke kidogo. Chuo kilitaka barua: eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini unataka kusoma sheria. Nikaiandika ofisini saa ya chakula, mkate mkono mmoja, nikaipeleka mbio. Jumamosi nikasoma nakala yangu. Nimewapelekea hati ya kiapo. "Mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kusema kwamba..." Kila aya ina namba. Nimejiita "mwapaji" mara kumi na moja, na mwishoni nimethibitisha kwamba yote ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu. Shemeji yako alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nilicheka naye, kisha nikanuna. Aya zote tisa hazina sababu hata moja. Sababu ninayo, ila sijawahi kumwambia mtu, hata wewe.

Miaka mitatu iliyopita alikuja ofisini mama mmoja mshonaji. Alikuwa anatolewa kwenye nyumba yake, na pingamizi lilitakiwa liwekwe ndani ya siku thelathini tangu apewe notisi. Wakili aliandika kwamba notisi aliipata mwezi wa tatu. Karatasi yenyewe niliiona kwa macho yangu, ilisema mwezi wa nne. Nikamwambia. Akajibu, "Wewe chapa nilivyoandika." Nikachapa. Upande wa pili walidaka huo mwezi wa tatu ulioandikwa, mama akaambiwa amechelewa. Nilimwona siku anatoka mahakamani akiwa amekumbatia faili lake. Nilijua kilichomponza, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kazi. Dada, naona aibu mpaka leo.

Basi Jumapili nimeandika barua upya na hayo yote yamo, bila namba. Chuo kinaruhusu kubadilisha kabla ya Ijumaa, lakini ukishaifuta ya kwanza hairudi. Tena sharti lao ni kwamba mwajiri asome maombi na asaini kuwa atakuruhusu kutoka saa kumi na moja. Ile ya kwanza bosi, wakili huyo huyo, alisaini huku anaongea na simu. Nikaomba Mungu na hii bosi aisaini hivyo hivyo.

Jana akaisoma. Alivaa miwani, akafunga mlango, na mimi nikasimama pale nikihesabu vigae vya sakafu. Nilishaanza kuwaza nitapeleka wapi barua za kuomba kazi. Alipomaliza akasaini. Kisha akaniuliza, "Yule mama alikuwa anaitwa nani vile?" Nikamtajia majina yake yote matatu. Nikajipa moyo nikamuuliza kama bado ipo njia ya kumsaidia. Akatabasamu, akasema, "Ukishasoma utakuja kunijibu wewe."

Alidhani ananitia moyo. Mimi nimekasirika hadi sasa hivi, maana jibu analijua na hakutaka kunipa.

Leo asubuhi nimeipeleka. Karani wa dirishani akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia futa ile ya kwanza. Majibu ni baada ya wiki sita na sijui nitazipitishaje. Ila nimepata anapokaa yule mama, chumba cha kupanga nyuma ya soko. Jumamosi nakwenda. Sina sheria ya kumpa. Nakwenda kumwambia kwamba hakuchelewa.

Mama anakusalimu, na shemeji yako pia. Nisalimie shemeji na wanangu, hasa Kidomo. Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi wako na ule ambao mimi nimeukosa.

Ni mimi akupendaye na asiyetulia,
Mdogo wako.