Vipimo vya Mzee Inchi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi ameniletea hapa karakanani kinasa sauti cha marehemu mumewe, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mtaa mzima ulimwita Mzee Inchi. Fundi cherehani. Macho yalipoanza kumsaliti aliacha kuandika vipimo vya wateja, akawa anavitamka humo. Kioo kimepasuka, spika imekufa, betri imevimba. Ila chipu ni nzima! Shangazi anataka sauti tu. Miezi minne imepita na ameanza kuisahau. Akijaribu kuikumbuka, inamjia ya jirani. Nikamwambia kesho tu, shangazi. Mdomo huu utaniponza.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa kila kitu kwenye chipu. Mafaili hamsini na mawili, na hakuna programu inayoyatambua hata moja. Chipu imebana sauti kwa mtindo wake yenyewe, halafu haikuandika popote imebana vipi wala kwa kasi gani. Mafaili hayana kichwa! Waliobuni kitu hiki walituamini sana. Basi kazi yangu ni kuyaundia vichwa, ili kompyuta ijue inacheza nini. Nikabahatisha la kwanza: mvua ya mawe juu ya bati. Bosi akapita, akauliza kama huo ndio muziki wa vijana siku hizi. Karakana nzima ikacheka. Bosi akichekesha, nani atakaa kimya?

Jumatano, 5 Machi
Mvua ya mawe. Shangazi kapiga simu mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegundua ujinga wangu. Kila baiti imebeba vipande viwili vya sauti, nami siku mbili nzima nasoma cha pili kabla ya cha kwanza. Mtaalamu! Nikageuza — akatoka mtu, anasema bega kumi na saba na nusu. Nilisisimka, sikatai.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi kafika kabla hatujafungua. Kasikiliza mafaili matatu, kichwa kainamisha, kisha kasema huyo si mumewe. Nikamweleza kwa upole wa msomi: kijitabu cha chipu kinasema sampuli, yaani vile vipande vya sauti, elfu nane kwa sekunde, nami nimeweka elfu nane.

"Mwanangu, hicho kijitabu kimelala naye miaka thelathini? Huyo anakimbizwa. Punguza."

Nikapunguza ili nimridhishe. Elfu saba. Punguza. Elfu sita na nusu. Punguza kidogo. Kwenye elfu sita na mia nne akashika ukingo wa meza, akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka nikaipima kasi ya chipu yenyewe: elfu sita na mia nne kamili. Diploma yangu nitaifungia karanga.

Jumamosi, 8 Machi
Yote hamsini na mawili yanacheza. Shangazi kaja na kiti chake, eti vya karakana vinachana nguo. Tumesikiliza viuno vya mtaa mzima, kila kimoja na tarehe yake. Anamjua kila mwenye tumbo, na maoni anayo. Mmoja alidai kiuno chake ni thelathini na nne, Mzee Inchi kapima kapata arobaini na moja, na kwenye faili kaguna kabisa. Nimecheka mpaka bosi kaja kuchungulia.

Kisha faili la mwisho. Mzee anaongea chinichini.

"Ijumaa, tarehe moja, mwezi wa kumi na moja. Mama watoto. Nimempima akiwa amelala. Kiuno thelathini na moja. Mwaka jana thelathini na tano. Anasema ni kazi tu. Jumatatu nampeleka hospitali, atake asitake."

Jumatatu hiyo tulimzika yeye.

Shangazi kasema zima. Nimezima. Utani umeniishia. Wiki nzima nimeitazama chipu, yeye sikumtazama. Sketi yake imekunjwa kiunoni mara mbili, imeshikwa na pini. Nimeogopa.

Nikamuuliza kama alikwenda hospitali. Kasema kwanza nimwekee mafaili kwenye simu, hayo mengine baadaye. Nikasema hapana, kwanza hospitali, nafunga meza twende sote. Kaniambia nisijifanye mumewe.

Naandika hapa kaunta, anadhani naandika risiti. Simu yake kaninyooshea. Waya ninao mimi. Sijauchomeka.